Mwaka wa Alama Nyekundu na Sinema Isiyo na Rangi

Maduhu tulimzika kijijini Nkololo, nyumbani kwao, na kipaza sauti cha msibani kilikuwa kinakoroma. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa anakipiga kofi kila baada ya sentensi mbili, kinanyamaza kidogo, kisha kinaanza tena. Nilikaa na wanawake wenzangu upande wa jikoni nikijizuia nisicheke, maana nilijua marehemu angefanya nini. Angemnyang'anya yule kijana maiki, angeifuta kwa shati lake, na angesema, "Samahani watazamaji, mtambo umekula ugali mbichi." Wasifu ulisema alizaliwa, alioa, alijaliwa watoto watano, alilima pamba, alifanya biashara ndogondogo Bariadi mjini. Haukusema kwamba kwa miaka kadhaa mtu huyu alisimama pembeni ya televisheni, ndani ya banda la mabati, akitufasiria dunia nzima. Nilirudi nyumbani na jambo hilo kichwani. Mimi ni fundi cherehani, nimesoma hadi darasa la saba, na naandika polepole, ukurasa mmoja huweza kunichukua siku mbili. Lakini mwaka ule mmoja naukumbuka vizuri, na nisipouandika mimi, sioni nani atauandika.

Habari za wazazi wangu na za kwa nini nilitoka kijijini naziacha. Nilikuwa na miaka kumi na nane, najifunza kushona mjini, na nilikuwa naishi kwa Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na watu wote walimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mjane anayeuza uji barazani kwake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, ukuta wa tofali za udongo uliopakwa saruji, na ilitazama barabara kuu, ambayo wakati huo ilikuwa bado vumbi tupu. Chumba chetu cha kulala kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, magunia mawili ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mtungi wa maji uliopoa kuliko friji yoyote niliyokuja kuiona baadaye. Asubuhi nilikula michembe iliyochemshwa na karanga, mchana kipande cha muhogo kwa fundi wangu, na jioni, kabla jua halijazama, ugali wa mtama na mlenda, au furu, samaki wadogo kutoka ziwani, kama mtu wa Lamadi amepita. Mayu alikuwa anakula huku anaongea, na mimi nilikula huku nanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yetu na wote wawili tuliipenda.

Nilikuwa na haya kupita kiasi. Mteja akija dukani na fundi hayupo, nilijifanya natafuta sindano sakafuni mpaka aondoke. Nikisalimiwa nilijibu huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Maduhu, ambaye alikuwa mteja wa uji wa Mayu kila asubuhi, hakuniacha. "Kija, ongea! Mbu anasikika kuliko wewe." Au anamgeukia Mayu, "Huyu binti ulimnunua bila spika?" Na Mayu anajibu, "Mwache. Wewe unayo spika ya wawili." Sikuwahi kumchukia kwa utani huo. Alikuwa mrefu, shati lake halikuwa na kifungo cha juu, na alikuwa anakunywa uji kwa kelele, kisha anaomba kikombe cha pili cha kusukumia cha kwanza.

Mwaka huo watu wa barabara walipita na ndoo ya rangi nyekundu. Mji ulikuwa unakua, lami ilikuwa inakuja, na kila nyumba iliyokuwa karibu sana na barabara ilipigwa alama ya X ukutani. Ya Mayu ilipigwa katikati ya dirisha na mlango, kubwa kama mtu aliyepanua mikono na miguu. Mayu alimuuliza yule kijana wa brashi, "Wewe, hiyo rangi utakuja kuisafisha lini?" Kijana akasema, "Mama, haisafishwi. Unahama." Mayu alitundika khanga juu ya alama, na kutwa nzima upepo uliifunua na yeye akawa anairudisha, kama mtu anayemfunika mtoto anayejifunua usingizini. Hata hivyo hakuwa amekata tamaa. Mdogo wake alikuwa na kiwanja nyuma ya shule, akampa kona moja. Tulianza kufunga vyombo kwenye magunia, kidogo kidogo, kila siku kitu kimoja.

Wakati huohuo ndipo sinema ile ilipofika. Mwenye banda la video alikuwa Baba Mwajuma, mtu wa Kigoma, muuza sabuni na betri. Duka lilikuwa mbele na banda nyuma yake, limezibwa mapazia meusi ili mwanga wa mchana usiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mirunda, harufu ya karanga na petroli ya jenereta, na joto ambalo ulilizoea baada ya dakika kumi au ukatoka. Wateja wengi walikuwa vijana wa kiume waliopenda sinema za mapigano. Maduhu alishika maiki na kufasiri, na kila mtu alimwamini kwa sababu hakuwahi kusitasita. Siku moja Baba Mwajuma alirudi kutoka Mwanza na boksi la CD zilizokwishatumika, na moja haikuwa na picha juu wala maandishi. Akaiweka Jumamosi mchana kujaribu, na mimi nilikuwepo kwa sababu fundi alinituma kupeleka mapazia niliyoyapinda. Picha ikatokea nyeusi na nyeupe. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Baba Mwajuma, TV imekufa!" "Turudishie hela zetu!"

Maduhu akasimama. "Tulieni, tulieni! TV ni nzima. Hii ni sinema ya zamani, rangi zilikuwa bado hazijaletwa."

Watu wakacheka, na wakicheka huwa wameshakubali. Nikakaa kwenye benchi la nyuma na sikurudi kwa fundi hadi ilipoisha.

Sinema ilikuwa ya Waingereza, na watu wake wakuu walikuwa watoto. Mji wao ulikuwa umeharibika. Nyumba zilibaki ukuta mmoja mmoja, ngazi zilipanda na kuishia hewani, kitanda cha chuma kilining'inia ghorofani bila chumba. Ndani ya vifusi hivyo watoto walikuwa wanacheza, wakiongozwa na msichana mwenye soksi moja iliyoshuka, na kulikuwa na mvulana mdogo aliyevaa koti la mtu mzima lililofagia chini, na mbwa. Kulikuwa na wanaume wawili wabaya waliokuja kwa gari na kuficha masanduku chini ya kanisa lililobomoka. Watoto waliwafuatilia, wakakimbizwa, wakajificha kwenye mapipa. Mwishoni watoto wengi sana walitokea kila shimo la mji ule, wakajipanga mstari mrefu juu ya vifusi, wakapokezana masanduku mkono kwa mkono. Kisha mzee mwenye kofia akashuka kwenye gari na kumpa yule msichana mkono.

Hivyo ndivyo nilivyoona kwa macho. Masikioni nilikuwa na Maduhu. "Watazamaji, mnaona hizo nyumba? Barabara inapita hapo! Watu wa barabara wamekuja, wamepiga alama, wameleta katapila."

Mama mmoja mbele akashtuka. "Hata huko Ulaya?"

"Hata huko, mama! Ulidhani alama nyekundu zimeanzia Bariadi?"

"Mbona hatuioni hiyo nyekundu?"

"Utaionaje na sinema haina rangi?"

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Basi akaendelea. Wale wanaume wawili wakawa wapima barabara wala rushwa. Masanduku yakawa vyombo vya wenye nyumba. Na mstari wa watoto ulipotokea, Maduhu alipaza sauti mpaka spika ikalia. "Wanaingiza vyombo ndani! Wamesema hatutoki! Wabomoe tukiwa humu humu!" Mzee mwenye kofia alipompa msichana mkono, Maduhu alibadili sauti ikawa nzito, ya mkubwa wa ofisi. "Anasema, binti, mmenishinda. Siwezi kubomolea watu waliokaa ndani na vyombo vyao. Nyumba zenu tunaziacha." Watu wakasimama kupiga makofi. Nami nilipiga. Nikifikiri sasa, naona hakudanganya ili apate chochote. Benchi zima mbele yake lilikuwa na watu wenye alama ukutani, na yeye aliwapa mwisho waliokuwa wanautaka.

Sinema ile ilirudiwa kila Jumamosi na Jumapili. Kwa mara ya kwanza akina mama waliingia bandani kwa wingi, na watoto wao, na Baba Mwajuma ikabidi akodi mabenchi ya kanisani. Mtaani watoto walianza kushusha soksi moja. Pale barazani kwetu, kwenye uji, mazungumzo yalikuwa hayohayo. "Yule wa koti ananikuna." "Mzungu hawezi kupiga picha nyumba nzima imebomoka kama haikubomoka kweli." Hilo la mwisho kila mtu alilikubali, na kwa kweli halikuwa kosa.

Mayu Kabula aliiona mara tatu. Baada ya mara ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta anafungua magunia. Vijiko vilirudi kwenye kopo lao, sufuria zikarudi ukutani. Siku iliyofuata mdogo wake alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kuchukua mzigo wa kwanza, na Mayu akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba. Kunywa uji urudi na ng'ombe wako. Sihami."

"Wamesema baada ya wiki mbili, Jumatatu, dada."

"Waje. Watanikuta ndani, jiko linawaka, na sufuria iko juu yake. Nione nani atasukuma ukuta."

Mdogo wake alinitazama kama vile mimi ndiye ningesema kitu. Nikatazama chini. Katapila la kwanza nililiona wiki hiyo, upande wa sokoni, likila ukuta wa mtu. Mwendeshaji alikaa juu sana, ndani ya kioo, masikioni amevaa vitu vya kuzuia kelele. Nilisimama pale na nikaelewa kwamba mtu yule hawezi kusikia kama kuna uji unaochemka ndani.

Aliyeniambia ukweli alikuwa mwalimu wa sekondari, mteja wetu. Alikuja kupima gauni Jumapili, mkono wake mmoja haujashonwa bado, fundi akamwambia aingie bandani asubiri, nami nikakaa naye. Alitazama kwa muda, akasikiliza na kile Kiingereza kilichokuwa kinasikika chini ya sauti ya Maduhu, kisha akaniinamia. "Kija, hakuna barabara hapo. Huo mji ulipigwa mabomu, ni baada ya vita vya dunia. Masanduku ni ya wizi, watoto wanayatoa wawakamatishe wezi. Huyu kaka yenu anajua Kiingereza kweli?" Alichukua gauni lake akaenda, na jambo lile likabaki na mimi peke yangu kwenye benchi.

Jioni ile kwenye ugali nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu nikasema, kwa sauti yangu ile ya mbu, kwamba huenda sinema haisemi vile. Mayu akacheka, akanisogezea mlenda. "Wewe unajua Kiingereza kuliko Maduhu?" Sikujua. Na kumwambia kwamba Maduhu hajui ilikuwa ni kumvua nguo mtu mzima mbele ya mji. Ningemwambia Mayu, Mayu angeuliza barazani, na kesho yake hakuna ambaye angelipa kumsikiliza. Nisingemwambia, Jumatatu ya wiki iliyofuata angekuwa ndani. Nililala nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

Niliandika barua. Sikuwa na daftari, nilichukua karatasi ya kaki tunayokatia ramani za nguo, na kwa siku tatu, saa ya chakula cha mchana, niliandika kwa penseli chini ya meza ya kukatia. Naikumbuka yote kwa sababu kila neno lilinigharimu. "Kaka Maduhu, shikamoo. Mimi ni Kija wa kwa Mayu Kabula. Zile nyumba za kwenye sinema zilipigwa mabomu vitani. Hakuna barabara. Wewe hujui Kiingereza na mimi sijui. Sitamwambia mtu. Lakini Mayu amekuamini, na Jumatatu atakuwa ndani ya nyumba. Najua hukusema kwa ubaya. Ila uliyesema ni wewe, na mimi nikisema sisikiki. Tafadhali." Ijumaa nilimpa mke wake, Mama Limbu, mlangoni kwao, nikakimbia kabla hajaniuliza ni ya nini.

Jumamosi Maduhu hakuja kunywa uji. Nikajua nimeharibu. Nilikwenda bandani mchana, Mayu akiwa mbele na khanga yake ya kutokea. Maduhu alishika maiki bila kumtazama mtu. Alifasiri kama siku zote, akatuchekesha kama siku zote, mpaka mstari wa watoto ulipotokea juu ya vifusi. Hapo akanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti ya sinema yenyewe, muziki wake na miguu ya watoto kwenye mawe. Kisha akasema taratibu, "Wanatoa vyombo."

Mtoto mmoja akapiga kelele. "Jumapili ulisema wanaingiza!"

"Jumapili nilikuwa nimesimama upande huu wa TV. Leo nimesimama upande ule. Tazama vizuri wewe mwenyewe, masanduku yanakwenda wapi?"

Watu wakatazama. Yalikuwa yanatoka, kweli, na mtu yeyote mwenye macho angeona tangu siku ya kwanza.

"Kuna bibi kizee katika nyumba ile," Maduhu akaendelea, "hamumwoni, yuko ndani. Amesema hatoki. Na katapila halina masikio, watazamaji. Dereva wake kaziba masikio. Hawa watoto wamejua. Basi wamesema, kama bibi hatoki kwa kuambiwa, tutatoa nyumba yake yote kipande kimoja kimoja mpaka abaki yeye na kigoda. Huyu wa koti kabeba sufuria. Huyu wa soksi kabeba mlango." Mzee mwenye kofia alipotokea, Maduhu alimpa sauti ndogo. "Anasema, binti, ukuta ni udongo tu. Nyumba mmeshaiondoa." Hakuna aliyepiga makofi. Mayu Kabula aligeuka kwenye benchi lake, akamwelekea Maduhu. "Bebe Maduhu," akasema, na kwa Kisukuma ukimwita mtu hivyo umemshika shati. "Wamebadilisha sinema?"

"Yaya, mayu," akamjibu. Hapana, mama. "Nilikosea mimi."

Alisema hivyo kwenye maiki, na jenereta linanguruma, na banda limejaa.

Jumapili baada ya ibada walikuja. Hakuna aliyeitisha, ila kwetu tunajua kuitana shambani, leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, na mikono ilikuwa imezoea. Maduhu alipanda juu ya paa na kuanza kung'oa bati. Watoto walijipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mkokoteni, wengine soksi moja chini, wakapokezana sufuria, vijiko, michembe. Baba Mwajuma alifunga duka akaja kunyoosha misumari kwa nyundo, akilalamika kwamba Wasukuma wanapigilia misumari kama wana ugomvi nayo. Mayu alikaa kwenye kigoda katikati ya nyumba isiyo na paa, jua likimpiga kichwani, akiamrisha. "Huo mtungi ushike kama mtoto mchanga. Mlango usiuburute, una umri kuliko wewe." Mwisho vilibaki yeye na kigoda. Maduhu akanyoosha mkono. Mayu akaushika akainuka, akachukua kigoda mwenyewe, akatoka. Kabla ya kuondoka aliishusha ile khanga ukutani, akaikung'uta vumbi akajitanda.

Jumatatu katapila lilikuta kuta nne za udongo na alama nyekundu. Zilianguka kwa pumzi moja. Mayu alikuwepo barabarani, ananiegemea, na chote alichosema ni, "Wabeja, asante Mungu. Sikuwemo." Nyuma ya shule tulijenga kwa bati zilezile, na bado zina matundu ya misumari ya kwanza. Chumba chake kipya kilikuwa kidogo, lakini mtungi ulipoa vilevile. Alikaa humo miaka mingi na kufia humo, kitandani kwake.

Kuhusu barua, Maduhu hakuwahi kusema neno. Jumanne alikuja kunywa uji nyuma ya shule, akanitania kuhusu mbu na spika, akaomba kikombe cha pili. Nilidhani labda haikumfika, labda alijua mwenyewe. Nilipata mume, nikapata cherehani yangu, banda likafungwa simu zilipoingia mifukoni mwa watu, na sikuuliza.

Siku ya kuanua matanga Mama Limbu aliniita ndani, chumba alicholala marehemu. Alifungua sanduku, akatoa kitu cha mviringo kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki. Ilikuwa CD ile isiyo na picha. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kufunuliwa mara nyingi mpaka mikunjo ikatoboka, lakini penseli yangu ilikuwa inasomeka bado.

"Kumbe aliisoma," nikasema.

Mama Limbu akatikisa kichwa. "Hakujua kusoma, Kija. Hata jina lake nilikuwa namwandikia mimi. Niliisoma mimi, siku ileile, anakula. Akaacha tonge. Akasema, rudia. Nikarudia. Akakaa kimya, wewe unamjua, yule si mtu wa kukaa kimya. Halafu akaniambia, 'Mke wangu, kumbe huyu binti ana sauti kubwa hivi.'"